Betri ya miaka 10 iliyokufa kwa siku 40: kihisi cha laini ya simu hufanyaje kazi

Muuguzi msimamizi wa zahanati moja nje kidogo ya Malindi alinipigia simu asubuhi. "Fundi, kile kidude chako cha tangi hakijatuma kitu tangu juzi. Na maji yameisha." Nilikuwa nimekifunga siku 40 kabla ya hapo. Kwenye boksi lake iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba betri hudumu miaka 10.

Sista hakuniuliza habari za teknolojia. Aliniuliza kama ameibiwa. Ni swali la haki, na nimelisikia kwa watu wengi: mkulima wa mpunga, msimamizi wa nyumba za kupanga, mwenyekiti wa mradi wa maji. Vifaa vinavyojitumia habari vyenyewe vimeingia majumbani mwetu haraka kuliko maelezo yake. Mtu anaambiwa kifaa "kina IoT" na "betri ya miaka 10", analipa, kisha anabaki na sanduku bubu ukutani.

Jibu nililompa ni kwamba hakuibiwa, na boksi halikudanganya. Betri ileile, ndani ya kifaa kilekile, inaweza kudumu miaka 9, au miezi 11 tu, au hata siku 40. Inategemea kilivyofungwa na kilivyopangwa. Siku ile nilikuwa nimekifunga vibaya, na hapa nitaeleza vibaya vipi.

Kidude chenyewe ni nini

Kihisi ni kipande kinachokutana na kitu halisi, joto au maji au mwendo, na kukigeuza kuwa namba. Mafundi wengi husema sensa, lakini kwa kuwa sensa kwa wengi wetu ni kuhesabiwa watu, nitabaki na kihisi. Cha tangi la sista hukaa juu, chini ya mfuniko. Hupiga mlio ambao sikio la mtu halisikii, hungoja mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji, kisha kwa kupima muda uliopita hujua maji yako umbali gani. Popo huruka gizani kwa kanuni hiyohiyo.

Nyuma ya kihisi kuna chipu ndogo inayoamua lini kupima na lini kutuma. Halafu kuna modemu, ambayo ni simu isiyo na kioo, spika wala vitufe, yenye laini yake kama simu yoyote. Mwisho kuna betri. Vitu vya namna hii vinapotumiana habari bila mtu kushika simu, ndipo tunasema intaneti ya vitu, kwa kifupi IoT. Hakuna zaidi ya hapo.

Watu wengi huichanganya na mita ya umeme ya tokeni. Mita ya kawaida ya tokeni, iwe LUKU kule Tanzania au ya kwetu Kenya, haina laini ndani yake. Mtandao wake ni wewe mwenyewe: unanunua tokeni kwa simu, unazibeba namba 20 kichwani au kwenye karatasi, unazibonyeza. Ndiyo maana mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, wateja walitakiwa kubonyeza tokeni za ziada ili mita zao ziendelee kukubali tokeni. Saa ya ndani ya mfumo ule, iliyokuwa ikihesabu dakika tangu 1 Januari 1993, ilikuwa inafika mwisho wa namba zake. Kama mita zile zingekuwa na laini, kampuni ingezisasisha kutoka ofisini na wewe usingejua. Mita janja za gesi za M-Gas hapa Kenya ndizo zenye uwezo huo, kwa sababu huzungumza na mtandao moja kwa moja.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Kyuso, kaunti ya Kitui. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vitumaji vidogo kwenye mikono ya pampu za maji za kijijini. Mkono ukipanda na kushuka, kitumaji huhesabu, na usiposogea, kimya chake ni habari. Kabla ya hapo pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27 hivi bila kutengenezwa. Baada ya hapo ikawa chini ya siku 3. Kitumaji hakikufunga nati hata moja. Kilichobadilika ni kwamba fundi alijua mapema.

Betri ni tangi, na modemu ndiyo bomba

Tazama betri ya simu yako utaona herufi mAh. Zichukulie kama lita za tangi. Simu ya siku hizi huwa na kama mAh 5,000 na bado unaichaji kila usiku. Betri ya kidude cha sista ina ukubwa wa betri ya rimoti na imebeba mAh 2,400, nusu ya simu, na haichajiwi kabisa. Itadumuje miaka?

Italala. Simu yako haina usingizi wa kweli. Hata ikiwa mfukoni, kila mara inasikiliza mnara kama kuna anayekupigia. Kihisi hakingoji kupigiwa na mtu. Kinaweza kuzima masikio kwa saa nyingi, kikaamka, kikasema neno lake, kikalala tena. Kikilala vizuri, kidude kizima hunywa kama mA 0.015 (mA ni kasi ya kunywa; izidishe kwa saa upate mAh), tone moja moja linalodondoka bombani. Kikituma, modemu hunywa wastani wa kama mA 100, yaani bomba limefunguliwa zaidi ya mara 6,000 ya lile tone.

Sasa hesabu, na naomba usiiruke, maana fumbo lote liko hapa. Kulala siku nzima kunagharimu mAh 0.36. Kutuma mara moja, mtandao ukiwa mzuri na kazi ikiisha kwa sekunde 10, kunagharimu kama mAh 0.28. Ukituma mara moja kwa siku na kuongeza kile kidogo ambacho betri hupoteza yenyewe, matumizi ni mAh 0.7 kwa siku. Gawanya 2,400 kwa 0.7 upate zaidi ya siku 3,400, miaka 9 na kidogo. Ile "miaka 10" ya boksi imetoka kwenye hesabu ya aina hii.

Ukituma kila saa, bei ya kutuma inazidishwa kwa 24. Matumizi yanafika kama mAh 7 kwa siku, na betri inaisha baada ya miezi 11.

Ukituma kila saa huku mtandao ni hafifu, kila ujumbe unachukua dakika nzima badala ya sekunde 10, na modemu inapaza sauti hadi wastani wa mA 150. Hiyo ni mAh 2.5 kwa ujumbe, mAh 60 kwa siku. Gawanya 2,400 kwa 60. Siku 40.

Sista alitaka kujua hali ya maji kila saa, nami nikakubali bila kufikiri. Sanduku lake lenye modemu na betri nililifunga ndani ya chumba cha pampu, chini ya mabati na nyuma ya mlango wa chuma, ili wezi wasilione.

Njia nyembamba kando ya barabara kuu

Kwa nini mtandao hafifu unakula betri kiasi hicho? Hapo inabidi tuangalie mtandao wenyewe.

Mwaka 2016 shirika la 3GPP, linaloandika kanuni za mitandao ya simu duniani, lilimaliza kanuni za njia mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya vitu: NB-IoT na LTE-M. Wengi hudhani hizi zinahitaji minara mipya, au zinahitaji 5G. Hazihitaji. Zote mbili hupita kwenye minara ileile ya 4G, na mara nyingi kampuni huziwasha kwa kubadilisha programu tu. Fikiria barabara kuu ya magari: pembeni yake ukichora njia ya baiskeli, hujajenga barabara nyingine. NB-IoT hutumia upana wa kHz 180 tu. Haiwezi kubeba video, wala haikuombwa ibebe.

Kikubwa ilichopewa ni uwezo wa kusikika mbali. Ukitaka kumwita mtu ng'ambo ya bonde na upepo unavuma, hutoi hotuba ndefu. Unasema neno moja, polepole, unalirudia na kulirudia hadi anyanyue mkono. NB-IoT hufanya hivyohivyo. Ishara ikiwa dhaifu, modemu inaweza kurudia kipande kilekile hadi mara 128 ili mnara uunganishe mabaki ya sauti na kupata neno kamili. Kwa njia hiyo inafikia mahali ambapo ishara ni dhaifu mara 100 kuliko ile ambayo simu ya zamani ya 2G ingeweza kuvumilia: chini ya ardhi, ndani ya kisima cha mita, nyuma ya ukuta mnene.

Muuzaji atakwambia hilo kwa furaha, naye hasemi uongo. Asichokwambia ni kwamba kila kurudia ni bomba lililo wazi. Kidude changu chini ya mabati kilikuwa kinatuma vizuri kabisa. Kwenye kompyuta niliona namba zikija kila saa, nikaridhika. Kumbe kila namba ilikuwa imepigiwa kelele dakika nzima. Kufika kwa ujumbe hakukuambii umefika kwa gharama gani, na kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwenye vifaa vilivyofungwa na wengine.

Usitegemee vile vijistari vya simu yako kupima mahali. Simu yako inaweza kuwa imeshika mtandao mwingine, au masafa mengine, au njia ambayo kidude hakitumii. Iulize modemu yenyewe. Itakupa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo inavyosikika vizuri. Ndani ya chumba cha pampu nilipata −127. Nilipotoa antena nje ya ukuta kwa waya wa mita 3, ikawa −101. Tofauti hiyo, kwa macho ya mtu asiyezoea, ni tarakimu mbili tu zimebadilika. Kwa mnara ni ishara yenye nguvu karibu mara 400.

Antena usiibandike juu ya chuma wala kuizungushia zege lenye nondo. Tangi la plastiki lenyewe halina shida, ila maji humeza ishara, kwa hiyo isikae ubavuni ambako maji yatakuwa kati yake na mnara.

Nani achague NB-IoT na nani LTE-M? Kitu kinachokaa mahali pamoja na kusema machache, kama tangi, mita au kisima, NB-IoT inakifaa. Kitu kinachosafiri, kama ng'ombe, pikipiki au sanduku la chanjo, kinahitaji LTE-M, kwa sababu inajua kuhama mnara hadi mnara katikati ya mazungumzo. Na vifaa vingi vya kufuatilia pikipiki huku kwetu bado vinatumia 2G. Si vibaya kama kuna betri ya pikipiki ya kuvilisha, lakini modemu ya 2G inapotuma inaweza kuvuta ampea 2 kwa mikupuo, na betri ndogo haiwezi kuipa hizo.

Kabla hujanunua vifaa 50, iulize kampuni ya simu inapanga kuendelea na mtandao gani. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilizima 2G mwanzoni mwa 2017, na kila kifaa kilichojua 2G peke yake kikawa jiwe. Tusidhani njia mpya ndizo salama daima: NTT DoCoMo ya Japani ilifunga NB-IoT yake mwaka 2020, na AT&T ikafunga yake mwaka 2025. Mimi sasa hununua modemu inayojua njia zaidi ya moja, hata kama ni ghali kidogo.

Usingizi hupewa, haujichukulii

Watu wengi, wakisikia kwamba kulala ndiko kunakookoa betri, huja na wazo linaloonekana la busara: mbona tusiizime modemu kabisa baada ya kutuma? Nami nilianza hivyo.

Fikiria geti lenye mlinzi na kitabu cha wageni. Ukitoka na kujiandikisha umeondoka, ukirudi lazima usimame upya: jina, kitambulisho, unakwenda wapi, sahihi. Modemu iliyozimwa kabisa hufanya vivyo hivyo kila inapowashwa. Hutafuta minara, hujitambulisha, hukaguliwa laini, hupewa anwani mpya. Kazi hiyo peke yake inaweza kuzidi mara kadhaa muda wa kutuma ujumbe wenyewe. Kama unatuma mara moja kwa wiki, sawa, zima. Kama unatuma mara kadhaa kwa siku, unapoteza.

Ndiyo maana wakabuni usingizi wa makubaliano, unaoitwa PSM. Modemu humwambia mlinzi: "Nalala, nitaamka saa fulani. Usinigongee, lakini jina langu libaki kitabuni." Mtandao hukubali, na modemu inapoamka inaingia moja kwa moja. Wakati imelala hakuna awezaye kuifikia, hata wewe mwenye mali.

Kwa kitu kinachotakiwa kupokea amri, mfano valvu ya kufungwa kwa mbali, kuna usingizi mwepesi zaidi uitwao eDRX. Modemu hulala, lakini kila baada ya muda uliokubaliwa hufungua jicho kuuliza kama kuna ujumbe wake. Kwenye NB-IoT muda huo unaweza kufika karibu saa 3, kwenye LTE-M kama dakika 43. Ukiuongeza unaokoa betri, na valvu nayo inachelewa kutii.

Neno la kushika hapa ni makubaliano. Modemu huomba na mtandao huamua. Niliwahi kukaa na kifaa mezani siku 3 nikishangaa kwa nini hakilali, ilhali nilikuwa nimekiandikia maombi yote sawasawa. Ombi lilikuwa linaondoka, na jibu lilikuwa linarudi bila ruhusa. Laini niliyoweka ilikuwa ya bando la kawaida la dukani, na kampuni ile haikuwa imeifungulia huduma ya usingizi. Nilipopewa laini ya vifaa, kililala siku ileile. Kwa hiyo usiangalie ulichoomba. Isomee modemu ulichopewa. Mara nyingi muda unaopewa ni mwingine kabisa.

Laini, na mzigo unaobebwa

Laini ya dukani ina hatari nyingine. Kampuni nyingi huifunga laini isiyowekwa vocha wala kutumika kwa muda mrefu, na namba hupewa mtu mwingine. Kihisi hakinunui bando wala hakisomi onyo. Omba laini ya vifaa, isajiliwe kwa jina la taasisi badala ya fundi, maana fundi huhama. Iondoe namba ya siri ya laini kabla ya kuifunga, la sivyo modemu itaamka na kukuta mlango umefungwa. Kisha andika APN sahihi, yaani jina la lango ambalo laini hiyo hutokea kwenda intaneti. Laini za vifaa huwa na lango lake, na herufi moja ikikosewa, modemu itasajiliwa mnarani vizuri lakini hakuna ujumbe utakaotoka. Fundi asiyejua hili hulaumu antena kutwa.

Watu huuliza bando kiasi gani. Kina cha maji, volti za betri na saa vinaingia kwenye baiti zisizofika 30. Hata ukiongeza bahasha ya mtandao ukafika baiti 100, ukituma kila saa kwa mwezi mzima hutumii hata sehemu ya kumi ya MB 1. Ila chagua bahasha kwa akili. Njia ambayo tovuti hutumia kujilinda hubadilishana kilobaiti kadhaa za salamu na vyeti kabla ya neno la kwanza. Hiyo ni kukodi lori kupeleka kijiko cha chumvi, na dereva analipwa kwa betri yako. Kuna njia nyepesi zilizotengenezwa kwa vifaa hivi, kama CoAP, na ulinzi wake upo. Mwombe aliyekuandikia programu azitumie, na asiuache ujumbe wazi kwa kisingizio cha kuokoa betri.

Hapo linakuja swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Je, hiki kitu kinatusikiliza?" Kihisi cha tangi hakina kipaza sauti cha maneno, na hesabu ya betri ni ushahidi tosha: kinachotuma sauti kutwa kingemaliza mAh 2,400 kabla ya wiki kwisha. Lakini sipendi kumtuliza mtu kwa nusu ya ukweli. Namba za maji na gesi husema mengi. Anayeziona anajua lini nyumba ina watu na lini haina. Swali la kumuuliza anayekufungia mita janja ni namba zinahifadhiwa wapi, na nani anaruhusiwa kuzisoma.

Yanayovuja kimyakimya

Siku nyingine mtandao ni mzuri, usingizi umepewa, na betri bado inakufa. Fungua sanduku utazame kama kuna taa ndogo nyekundu inayowaka muda wote. Taa ya mA 2 hunywa mAh 48 kwa siku. Hiyo peke yake inaimaliza betri yetu kwa siku 50. Wanafunzi wengi huniletea miradi iliyojengwa kwa bodi za bei nafuu za kujifunzia. Bodi nyingi kati ya hizo hurekebisha volti kwa kipande kiitwacho AMS1117, kinachokunywa kama mA 5 hata pasipo kazi. Hizo ni siku 20. Bodi hizo ni nzuri mezani penye umeme. Kwenye betri, ng'oa taa na ubadilishe kirekebisha volti, kisha uweke multimita, yaani kipima umeme, katikati ya waya wa betri kidude kikiwa kimelala. Ukiona mA nzima moja au zaidi, kuna kitu kiko macho.

Betri nayo ina tabia. Inayotumika zaidi kwa kazi hizi ni ya lithiamu-thionili kloridi, yenye volti 3.6. Hupoteza kama asilimia 1 tu kwa mwaka ikiwa mahali pa baridi ya kawaida, na joto huiongezea upotevu, kwa hiyo sanduku lisikae kwenye jua la saa saba mchana. Haichajiwi. Kuichaji ni hatari ya mlipuko, na nasema hivi kwa sababu nimeona mtu akijaribu. Ikikaa muda mrefu bila kazi, ndani yake hujenga utando unaopunguza upotevu, lakini siku modemu inapoamka na kuvuta kwa nguvu, utando unaikaba na volti zinaporomoka ghafla. Kifaa hujizima na kuwaka, kikajizima tena, na mwenye nacho hudhani betri ni feki. Dawa yake ni kapasita kubwa sambamba na betri: betri huijaza polepole, modemu huchota kutoka humo kwa mkupuo. Vifaa vizuri huja nayo. Ukinunua, uliza.

La mwisho ni programu isiyojua kukata tamaa. Mnara ukikosa umeme usiku, kifaa kilichoandikwa vibaya hujaribu, hushindwa, hujaribu tena papo hapo, hadi alfajiri. Nimewahi kukuta betri imepoteza robo yake kwa usiku mmoja wa namna hiyo. Kijaribu mara moja, kingoje dakika 5, kisha 10, kisha 20, kisha kikae na namba zake hadi zamu ijayo. Na kama una vifaa vingi, usivipange vyote viamke saa sita usiku kamili. Vitagombania mnara, na kila kinachosubiri zamu kinasubiri kikiwa macho.

Nilirudi zahanati wiki ileile. Antena nikaitoa nje, juu ya ukuta ambako jua halipigi sana na mtoto hafiki. Betri mpya, laini ya vifaa. Halafu nikakaa na sista, nikamuuliza lile swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza: habari hii ikikufikia, utafanya nini nayo?

Alifikiri kidogo. Akasema usiku hawezi kufanya lolote. Boza la maji haliji usiku. Anachohitaji ni kujua asubuhi, na kujua mara moja kama tangi limeshuka chini ya robo. Basi tukapanga hivi: kidude kinapima kila saa, maana kupima ni rahisi, kinaziweka namba 6 pamoja na kuzituma kwa safari moja, mara 4 kwa siku. Maji yakishuka chini ya robo, hakingoji zamu.

Kwa hesabu ileile, betri ileile sasa inatumia kama mAh 1.5 kwa siku. Ni miaka 4 na miezi kadhaa kwenye karatasi. Sikuiamini karatasi, Malindi kuna joto na chumvi. Nilichukua kalamu ya wino usiofutika nikaandika ndani ya mfuniko tarehe ya leo, namba ya laini, na chini yake: badilisha betri baada ya miaka 3. Sista akaipiga picha kwa simu yake, ibaki zahanati hata yeye akihamishwa.